Kiindonesia na Kitelugu huzungumzwa wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa lugha, na wanaokwenda India kwa matibabu au masomo, na wanaoota safari ya Bali. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yenye utata. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, hapo mbele utaelekezwa tu ulirudie.

## Mambo ya msingi

Kiindonesia kinazungumzwa wapi?

Kinazungumzwa Indonesia, na huko ndiko kwao hasa. Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 17,000. Kutoka Sabang, upande wa kaskazini wa Sumatra, hadi Merauke, karibu na mpaka wa Papua New Guinea, ni zaidi ya kilomita 5,000, na saa hubadilika mara mbili njiani. Ardhi yake ni kama mara mbili ya Tanzania, na sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 270.

Kotekote humo Kiindonesia ndicho lugha ya shule, bunge, mahakama, taarifa ya habari na fomu za serikali. Lakini nyumbani hali ni nyingine. Indonesia ina lugha zaidi ya 700, na watu wengi hukuta Kiindonesia shuleni au mtaani baada ya kulelewa kwa lugha nyingine kabisa. Usipolishika hilo, takwimu zote zinazofuata zitakuchanganya.

Na Kitelugu?

Kusini mashariki mwa India, katika majimbo mawili yanayopakana: Andhra Pradesh, lenye pwani ndefu kwenye Ghuba ya Bengal, na Telangana, lililo bara. Mito mikubwa ya huko ni Godavari na Krishna, na mabonde yake ya mpunga ndiyo moyo wa nchi ya Watelugu. Ukiyaunganisha majimbo hayo unapata eneo la kilomita za mraba kama 275,000, kubwa kuliko Uganda kwa kiasi kidogo tu.

Sensa ya India ya 2011 ilikuta watu milioni 81 wanaotaja Kitelugu kuwa lugha yao ya mama. Kilishika nafasi ya nne nchini humo, nyuma ya Kihindi, Kibengali na Kimarathi.

Je, lugha hizi zina undugu?

Hazina. Kiindonesia ni cha familia ya Kiaustronesia, pamoja na Kimalay, Kijava, Kitagalog cha Ufilipino na lugha za visiwa vya Pasifiki hadi Hawaii. Kitelugu ni cha familia ya Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kikannada na Kimalayalam. Wala hakina undugu na Kihindi, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani lugha zote za India zina shina moja.

Kinachowadanganya wasomaji ni maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Zote mbili zimeyakopa kwa wingi, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo neno kama guru utalikuta pande zote. Mkopo si damu. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu na bado ni Kibantu.

Ipi ina wazungumzaji wengi zaidi?

Inategemea unamhesabu nani.

Ukihesabu wenye lugha ya mama, Kitelugu kinashinda waziwazi. Sensa ya Indonesia ya 2010 ilionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyetumia Kiindonesia kama lugha ya kila siku nyumbani, yaani watu milioni 43 hivi. Kitelugu, mwaka mmoja baadaye, kilikuwa na karibu mara mbili ya hapo.

Ukihesabu kila anayeweza kuzungumza, mizani inageuka. Sensa hiyohiyo ya Indonesia ilikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wanakijua Kiindonesia, kwa hiyo tunazungumzia watu zaidi ya milioni 200. Kitelugu, hata ukiongeza wanaokitumia kama lugha ya pili ndani ya India, hubaki chini ya milioni 100.

Kwa hiyo ukikuta orodha mbili zinazopingana kuhusu ipi ni kubwa, huenda hakuna iliyokosea. Soma kwanza kichwa cha safu: lugha ya kwanza au wazungumzaji wote? Na orodha isiyosema inahesabu nini, iache.

Kwenye ramani, tofauti kubwa ni ipi?

Kitelugu ni doa moja zito lililoshikana, lenye kingo zinazofifia kuelekea majimbo jirani. Ndani ya doa hilo mtu huzaliwa kwa Kitelugu, hugombana kwa Kitelugu, na huzikwa kwa Kitelugu. Kiindonesia ni rangi nyepesi iliyofunika nchi nzima, na chini yake kuna rangi nyingine mamia. Sehemu zenye Kiindonesia kizito, cha kuzaliwa nacho, ni chache kwa kulinganisha: Jakarta, miji mikubwa mingine, na familia ambazo baba na mama wametoka makabila tofauti.

Msomaji wa Tanzania ana bahati hapa, kwa sababu hali ya Kiindonesia anaijua kwa maisha yake mwenyewe. Msukuma aliyelelewa kwa Kisukuma, akasoma kwa Kiswahili, akaoa Mchaga na kulea watoto Dar es Salaam kwa Kiswahili kitupu, ana ndugu wa hali ileile Surabaya na Makassar.

## Kiindonesia kwa undani

Wajawa ndio wengi. Kwa nini lugha ya taifa haikuwa Kijava?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa maoni yangu. Wajawa ni karibu asilimia 40 ya Waindonesia, na Kijava kina fasihi ya karne nyingi. Kwa hesabu ya vichwa, kilistahili.

Lakini Kimalay, ambacho ndicho kilichokuja kuitwa Kiindonesia, kilikuwa tayari lugha ya bandari. Mfanyabiashara wa Makassar, nahodha wa Aceh na mchuuzi wa Maluku walielewana kwa Kimalay muda mrefu kabla ya kuwepo nchi inayoitwa Indonesia. Jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana karibu na Palembang, lina maandishi ya Kimalay cha kale ya mwaka 683. Waholanzi, waliovitawala visiwa hivyo, nao walikitumia kuendeshea utawala wao. Tena Kijava kina ngazi za heshima: maneno ya kumwambia mkubwa siyo ya kumwambia rika, na mgeni akikosea ngazi anaudhi. Kimalay hakikumdai mtu hayo, wala hakikuwa mali ya kabila kubwa ambalo wengine waliogopa kumezwa nalo.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana Batavia, ambayo leo ni Jakarta, wakatoa kiapo chenye sehemu tatu. Katika sehemu mbili za kwanza walikiri nchi moja na taifa moja. Katika ya tatu hawakusema lugha moja. Walisema wanaienzi lugha ya umoja, Kiindonesia. Lugha za nyumbani ziliachwa na nafasi yake, na ndiyo maana mpaka leo Kijava, Kisunda na Kibali ziko hai chini ya paa la Kiindonesia. Katiba ya 1945 ikaja kukifanya lugha ya dola katika kifungu cha 36.

Nikienda Bali, watu watanisikia kwa Kiindonesia?

Watakusikia bila shida, sokoni, hotelini na kwa dereva wa pikipiki. Ila wao kwa wao Wabali huzungumza Kibali, chenye ngazi za heshima kama Kijava. Ni hivyohivyo Sumatra Magharibi, ambako utasikia Kiminangkabau, na Bandung, ambako utasikia Kisunda.

Sehemu za mashariki zina jambo lake. Manado, Ambon na miji ya Papua watu huzungumza Kimalay cha kwao kilichokua bandarini, kikapata sarufi na lafudhi yake. Mtu wa Jakarta akifika huko anaelewa mengi, lakini siyo yote. Kwenye sensa wengi wa hao huandikwa tu kuwa wanajua Kiindonesia.

Malaysia wanazungumza Kiindonesia?

Wanazungumza Kimalay sanifu cha Malaysia. Hiki na Kiindonesia vimetoka kwenye Kimalay kilekile cha Riau na Johor, na wenyewe wanaelewana. Tofauti kubwa iko kwenye msamiati, kwa kuwa Indonesia ilikopa kwa Waholanzi na Malaysia kwa Waingereza, na pia katika lugha ya mtaani, ambako kila upande umekwenda njia yake. Mwaka 1972 nchi hizo mbili zilioanisha tahajia, na tangu hapo maandishi yao yamekaribiana kuliko matamshi.

Ukitengeneza ramani ya Kiindonesia, iache Malaysia, Brunei na Singapore nje. Ukitengeneza ramani ya Kimalay kwa ujumla wake, zitie zote pamoja na Indonesia. Kosa ni kuchanganya ramani mbili halafu kutoa jumla moja.

Kuna nchi nyingine inayokitambua kisheria?

Timor ya Mashariki. Ilitawaliwa na Indonesia kuanzia uvamizi wa 1975 hadi 1999, na kizazi kizima kikasomeshwa kwa Kiindonesia. Katiba ya 2002 ilichagua Kitetum na Kireno kuwa lugha rasmi, lakini ikaruhusu Kiindonesia na Kiingereza kutumika kama lugha za kazi serikalini pale inapohitajika. Lugha hiyo iliingia kwa mtutu wa bunduki, na kumbukumbu hiyo haijafutika, lakini bado watu wazima wengi wa Dili, mji mkuu, wanaisoma kwa wepesi.

Novemba 2023, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikubali Kiindonesia kuwa lugha yake rasmi ya 10.

Nje ya hapo kinasikika wapi?

Kunakofanya kazi Waindonesia: Malaysia kwanza, kisha Taiwan, Hong Kong, Singapore na Saudi Arabia. Aliyekwenda Hija anajua vilevile kwamba Makka na Madina zinajaa Waindonesia. Kwa kawaida kundi lao ndilo kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote inayotuma mahujaji kutoka nje, na wenye maduka karibu na Haram hujifunza kuuza kwa Kiindonesia.

Uholanzi ina historia yenye uchungu zaidi. Mwaka 1951 walifika huko Wamaluku wapatao 12,500, askari wa jeshi la kikoloni pamoja na familia zao, wakiambiwa ni kwa muda mfupi. Wengi hawakurudi. Wajukuu wao bado wana Kimalay chao chenye asili ya Ambon, ambacho si Kiindonesia cha shule.

## Kitelugu kwa undani

Kwa nini lugha moja ina majimbo mawili?

Wakati wa Waingereza, Watelugu wa pwani walikuwa chini ya mkoa wa Madras na wale wa bara walikuwa chini ya Nizam, mfalme wa Hyderabad. Baada ya uhuru, wa pwani walidai jimbo lao wenyewe. Mwanaharakati Potti Sriramulu alianza kufunga kula mjini Madras Oktoba 1952 kudai hilo, akafa usiku wa tarehe 15 Desemba bila kuonja chakula. Ghasia zikalipuka, serikali ya waziri mkuu Nehru ikakubali ndani ya siku chache, na Jimbo la Andhra likazaliwa tarehe 1 Oktoba 1953. Lilikuwa jimbo la kwanza la India huru kuundwa kwa msingi wa lugha, na mipaka mingi ya majimbo mengine ikafuata mfano huo.

Tarehe 1 Novemba 1956 Andhra iliunganishwa na sehemu ya Hyderabad yenye Kitelugu, ikawa Andhra Pradesh. Lugha ilikuwa moja, lakini watu wa Telangana walilalamikia kazi, maji na bajeti, na jinsi lafudhi yao ilivyofanywa kichekesho kwenye sinema. Tarehe 2 Juni 2014 Telangana ikawa jimbo peke yake. Lugha iliyojenga ukuta mmoja mwaka 1953 haikutosha kushikilia paa miaka 60 baadaye.

Ninakwenda Hyderabad kwa matibabu. Nijifunze Kitelugu?

Kwa hospitali kubwa, Kiingereza kinakutosha. Kwa dereva wa bajaji, muuza matunda na mlinzi wa nyumba utakayopanga, maneno machache ya Kitelugu yatakupunguzia tabu nyingi.

Ila ujue kwamba Hyderabad ni mji wa lugha kadhaa. Chini ya Nizam, hadi 1948, lugha ya serikali ilikuwa Kiurdu, na Kiurdu cha Dakhni kingali kinatawala mitaa ya mji wa kale karibu na Charminar. Kihindi nacho kinaeleweka sana. Ukitaka kusikia Kitelugu bila mchanganyiko, nenda Warangal, Vijayawada au Rajahmundry.

Nje ya Andhra Pradesh na Telangana, India kwingine kinazungumzwa?

Sana. Sensa ya 2011 ilihesabu Watelugu zaidi ya milioni 4 Tamil Nadu na zaidi ya milioni 3 Karnataka, mbali na wale wa Maharashtra na Odisha.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni historia ndefu ya tawala. Dola ya Vijayanagara, na baada yake watawala wa Nayaka, walipeleka maofisa, askari na wakulima Watelugu kusini kabisa mwa India. Mfalme Krishnadevaraya, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, alitunga utenzi kwa Kitelugu ingawa makao yake yako Karnataka ya leo. Tyagaraja, mtunzi mkubwa wa muziki wa Karnataki aliyefariki 1847, aliishi Thiruvaiyaru, katikati ya nchi ya Watamil, na nyimbo zake nyingi ni za Kitelugu. Waimbaji Watamil wanaziimba hadi leo.

Sababu ya pili ni mipaka yenyewe. Mji wa Madras, ambao leo ni Chennai, uligombewa vikali ukabaki upande wa Watamil, na Bellary ikaenda upande wa Wakannada. Hakuna mstari ambao ungeweza kuwatenganisha watu waliokwisha kuchanganyika.

Kuna na Yanam, mji mdogo kwenye delta ya Godavari. Umezungukwa na Andhra Pradesh na watu wake ni Watelugu, lakini kiutawala ni sehemu ya Puducherry, ambayo makao yake yako mamia ya kilomita kusini, kwenye pwani ya Watamil. Chanzo ni Wafaransa: makoloni yao madogo yaliyotawanyika yaliwekwa chini ya utawala mmoja hata baada ya wao kuondoka.

Je, Afrika kuna Kitelugu?

Kipo, na hadi kwenye katiba. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 6, inataja Kitelugu miongoni mwa lugha za jamii zinazopaswa kuenziwa, pamoja na Kitamil, Kigujarati, Kihindi na Kiurdu. Vibarua wa mkataba kutoka Madras walianza kushuka Durban Novemba 1860 kwenda kukata miwa ya Natal, na Watelugu walikuwemo. Wajukuu wao wengi leo huongea Kiingereza, na Kitelugu kimebaki zaidi kwenye ibada na nyimbo.

Morisi ina hadithi inayofanana na hiyo, na Ugadi, mwaka mpya wa Watelugu, ni sikukuu ya taifa huko.

Wahindi wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam ni Watelugu?

Wengi wao sivyo. Jamii za zamani za Kihindi Afrika Mashariki zilitoka magharibi na kaskazini mwa India, na lugha zao ni Kigujarati, Kikachchi, Kipunjabi na Kikonkani cha Wagoa. Watelugu unaoweza kukutana nao leo mara nyingi ni wataalamu waliokuja kwa kazi miaka ya karibuni.

## Zinakokutana

Kuna mahali ambapo lugha zote mbili husikika mtaani?

Malaysia ndiyo jibu la kwanza. Watelugu waliletwa huko na Waingereza kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, na kizazi chao bado kipo, hasa Perak. Waindonesia nao ni sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mashamba ya michikichi na wa ujenzi.

La pili ni nchi za Ghuba. Vijana wa Karimnagar na Nizamabad huko Telangana wamekuwa wakienda Dubai, Muscat na Kuwait kwa miongo mingi, na Waindonesia, hasa wanawake wa kazi za nyumbani, nao wamekuwa wakienda. Mwaka 2015 Indonesia ilisitisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani katika nchi nyingi za Mashariki ya Kati baada ya malalamiko ya mateso. Waswahili waliofanya kazi Oman au Saudia wameishi nyumba moja na watu hawa, na hawahitaji kusimuliwa.

Na zamani, Watelugu na watu wa visiwa walijuana?

Walijuana kwa nguo. Pwani ya Coromandel, ikiwemo Machilipatnam kwenye nchi ya Watelugu, ilisuka na kutia rangi vitambaa vya pamba vilivyopendwa Java na Maluku. Kampuni ya Waholanzi ya Mashariki ya India ilifungua kituo Machilipatnam mwanzoni mwa karne ya 17 kwa sababu hiyo: wakulima wa karafuu na kungumanga walitaka kitambaa kuliko fedha. Mwandiko nao ulivuka bahari. Hati ya Kijava na ya Kibali zimetokana na hati ya Pallava ya kusini mwa India, ambayo ni ndugu wa hati ya Kitelugu, zote zikiwa zimetoka kwenye Brahmi, hati ya kale ya India. Siku hizi Kiindonesia huandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo udugu huo hauonekani tena kwenye gazeti.

## Maswali yenye utata

Kimalagasi si Kiindonesia?

Sivyo, ila ni jamaa yake wa mbali. Lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi iko Borneo, kwa watu wa bonde la mto Barito. Mababu wa Wamalagasi walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo familia ya Kiaustronesia ina wazungumzaji mpaka Madagaska, na hata Mayotte, lakini mtu wa Antananarivo na mtu wa Jakarta hawaelewani.

Suriname, Amerika Kusini, kuna jamii yenye asili ya Indonesia. Ihesabiwe?

Kwa Kiindonesia, hapana. Wale ni Wajawa waliopelekwa kama vibarua kati ya 1890 na 1939, na lugha waliyokwenda nayo ni Kijava. Wengi waliondoka kabla ya kiapo cha 1928 kilichotajwa juu, wakati ambapo jina Kiindonesia lilikuwa bado halijaenea.

Je, kila mzaliwa wa Andhra Pradesh na Telangana ni Mtelugu wa lugha?

La. Kuna Waurdu wa Hyderabad tuliowataja, Walambadi waliotawanyika Telangana, na watu wa misituni na milimani kama Wagondi wa Adilabad na Wakoya wa kando ya Godavari, wenye lugha zao za Kidravidi zisizo Kitelugu. Mtoto wa Kigondi anayeingia darasa la kwanza hukutana na Kitelugu jinsi mtoto wa Papua anavyokutana na Kiindonesia: ni lugha ya mwalimu kwanza, na huchukua miaka kuwa yake.